Usimwitike Usiyemwona

Mama yangu aliacha kuitika mwezi wa sita, baridi ya Njombe ikiwa imeshika kweli kweli. Hakuacha kula, hakuacha kumeza dawa, hakuacha kufumba na kufumbua macho. Aliacha kuitika tu. Ukimwita, kimya. Ukimwita tena, anatazama ukuta kana kwamba ukuta ndio uliomzaa.

Kiharusi kilimkuta akichagua viazi vya mbegu kwa kaka yangu mkubwa, Njombe mjini, ambako alihamia baada ya baba kufariki. Mkono wa kushoto ulilegea, mguu wa kushoto ukafuata, mdomo ukaenda upande. Akalazwa wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa, daktari alitueleza mimi na kaka kwamba tumrudishe nyumbani na tumsemeshe kila siku. Akianza kuitikia, aletwe haraka aanzishiwe mazoezi, maana mazoezi ya kiharusi hayataki kuchelewa. Asipoitikia, basi tumtunze vizuri, tumgeuze asipate vidonda, tumwachie Mungu. Mazoezi ni kuambiwa inua, shusha, vuta. Mtu asiyeitikia utamwambia inua mara ngapi?

Kwa hiyo neno moja la mama likawa ndilo la kumpeleka mazoezini au kumwacha kitandani. Nami sikuwa na uwezo wa kulitoa mdomoni mwake kwa koleo.

Mimi naishi Makambako. Nina steshenari karibu na stendi: nachapa barua, natoa kopi, nabandika vyeti vya watu kwenye plastiki visiharibike. Niko peke yangu dukani, na mwezi ule wazazi walikuwa wanapanga foleni na fomu za shule za watoto wao. Nilikaa na mama siku kumi za mwanzo, nikarudi kazini nikiwa mwili tu. Saa nne asubuhi napiga simu Njombe, saa kumi jioni napiga tena. Wifi yangu, mke wa kaka, anaweka sauti kubwa, anaisogeza simu sikioni kwa mama. Mimi naita: Mama. Mama, ni mimi. Nasikia pumzi yake. Nasikia jogoo wa jirani. Nasikia wifi anashusha pumzi naye, halafu ananiambia kwa upole, tutajaribu kesho, wifi. Upole wake ulikuwa unaniudhi kuliko kama angenigombeza.

Kuna watu wakipata wasiwasi wanakula, wengine wanafua hata nguo safi. Mimi naandika maneno. Nina kaunta buku la kurasa nyingi ambalo nimelijaza kwa miaka, na ndani yake sina mashairi wala siri. Nina maneno mafupi, yale yanayopita mdomoni bila mtu kuyaangalia, na chini ya kila neno naandika limetoka wapi. Meza ililetwa na Wareno. Shule waliiacha Wajerumani, na bibi yangu aliyesomea misheni alikuwa bado anaitamka kama wao. Duka lilitoka huko Uajemi na Uhindi, likatembea na wafanyabiashara mpaka likafika hapa stendi na kuning'inizwa juu ya mlango wangu. Watu wananicheka. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza nikishajua linakotoka neno nitalirudisha? Nikamwambia kopi zake ziko tayari, aende.

Mwezi ule wa sita sikuandika kuhusu meza wala duka. Niliandika maneno ya kuitika tu. Mtu akiitwa, anasemaje? Nilianza kuuliza kila aliyeingia dukani, na nadhani nilionekana nimechanganyikiwa, na kwa kweli nilikuwa nimechanganyikiwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mzee mwenye duka la spea za malori, aliyekwenda Makka akarudi, nasi sote twamwita Hajji. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akauliza mama kaamkaje. Nikamwambia bado haitiki. Kisha nikamwuliza, maana sikuweza kujizuia, abee ni neno la wapi? Akaweka chini chujio la dizeli alilokuwa analifuta. Akaniambia wasichana mnaitika abee hamjui mnasema nini. Zamani ilikuwa labeka, na labeka ni ile ile labaika, ambayo mahujaji huisema kwa sauti wakiwa njiani kwenda kuizunguka Kaaba. Maana yake: nimeitika, nipo hapa kwa ajili yako. Alisema siku ile alipoisikia kutoka vinywa vya watu wengi hivyo, yeye alimkumbuka mama yake mzazi akimwitikia bibi yake jikoni.

Nilirudi dukani nikaandika. Mimi Mlutheri wa Kichiwa, kijijini kwetu, nimeitika abee tangu nimeanza kusema, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa natamka neno la kusimama mbele za Mungu. Nililia, na mteja akajifanya anasoma bei za kalamu.

Baada ya hapo nikawa kama kuku anayechakura. Dereva wa lori aliyekuja kutoa kopi ya hati zake akiwa njiani kwenda Tunduma alinipa ya Wazulu: wao wakikuamkia wanakwambia tunakuona, sawubona, nawe unajibu yebo, ndiyo. Nikakumbuka kamwene, salamu yetu ya Kibena. Mama alidai siku zote kwamba ndani ya kamwene kuna kuonana, kwamba ni neno la mtu na mtu wanaotazamana. Sijapata mtaalamu wa kunithibitishia, nimeliandika kwa jina lake. Halo nayo nikaifuatilia kwenye simu. Nikasoma kwamba huko Ulaya, kabla ya simu, ilikuwa kelele ya kumpigia mtu wa mbali, kama mwenye mtumbwi aliye ng'ambo ya mto, aje akuvushe. Nikajiona mimi ndiye niliyesimama ukingoni kila saa nne na kila saa kumi, nikipiga kelele.

Alhamisi kaka akapiga. Alisema wamekaa na baba mdogo na mzee wa kanisa, wameona mama apelekwe Kichiwa, kwenye nyumba yake, akapumzike mahali alipozoea. Gari la rafiki yake lingekuja Jumamosi asubuhi. Nikamwuliza na mazoezi je? Akasema mama haitiki, mdogo wangu, na wewe unajua. Kutoka Kichiwa hakuna mtu ambaye angemrudisha hospitali mara tatu kwa wiki. Kumpeleka Kichiwa kulikuwa ni kusema yameisha. Nilimfokea kaka yangu, mtu aliyenilipia shule, nikamwambia anamzika mama akiwa anakula. Akakata simu. Sikumlaumu, ningekuwa mimi ningekata mapema zaidi.

Mchana ule sikufanya kazi. Nilikaa nyuma ya mashine ya kopi na kaunta buku, naperuzi simu, natafuta Wajapani wanasemaje, kana kwamba Wajapani wangekuja na gari lao Jumamosi. Nikapata kwamba wao kwenye simu husema moshi moshi. Moshi yao maana yake ni nasema, nawe unalirudia. Na chini yake mtu ameeleza kwamba wazee wao wana imani moja: viumbe visivyo watu vinaweza kuita mara moja, lakini haviwezi kurudia. Ndiyo maana unasema mara mbili, mwenzako ajue wewe ni mtu.

Nikacheka. Nikaanza hata kuandika. Kisha kalamu ikasimama.

Nilikuwa na miaka kama minane. Kichiwa ukungu ukishuka, humwoni hata ng'ombe uliyemshika kamba. Mama alikuwa ametutuma kuokota matawi makavu kwenye msitu wa miwati, na kabla ya kututuma alitukumbusha sheria yake, ile ambayo naye alipewa na mama yake: ukiitwa kwenye ukungu usimwitike usiyemwona. Subiri mpaka uuone mdomo unaokuita. Anayeita ni nani kama si mtu? Alisema hajui na hataki kujua. Basi nikiwa kwenye miwati nikasikia jina langu, sauti ya mama kabisa, nikaitika bee, nikakimbia na kuni zangu. Nikamkuta amesimama njiani, mkono kiunoni.

“Umeniona?” aliniuliza.

Nikasema hapana, mama.

“Sasa unaitika nini?”

Akanizaba kofi moja la shavu la kushoto. Nikalia kwamba lakini ulikuwa ni wewe! Akasema leo nilikuwa mimi. Akanibebea kuni zote mpaka nyumbani.

Kofi lile lilinikaa. Shuleni mwalimu akiita majina kichwa kikiwa ndani ya daftari la mahudhurio, mimi nanyamaza mpaka ainue uso, na hapo nimeshaandikwa sipo. Nikawa nachapwa nyumbani kwa kuitika na shuleni kwa kutoitika. Na mama mwenyewe, mpaka uzee wake, hakuiamini simu. Ukimpigia, kabla ya salamu anakuhoji: wewe ulianguka mti gani? Wa peasi, mama. Mguu gani ulioumia? Wa kulia. Haya, hujambo mwanangu. Kaka na mimi tulikuwa tunamcheka mpaka machozi.

Na sisi, watoto wake wawili wenye akili, tulikuwa tumemlaza na ulimi mzito usioweza kumhoji mtu, tukamwekea sikioni sauti isiyo na mdomo, mara mbili kwa siku, tukashangaa haitiki.

Lakini hilo lilikuwa la simu. Kaka na wifi walikuwa wanamwita ana kwa ana. Kwa nini na wao hakuwaitika? Wasiwasi ukanirudia wote, na nyongeza juu yake. Ijumaa nilimpa Hajji ufunguo wa duka, nikapanda gari la Njombe. Njia nzima naomba na nagombana, na Mungu na kaka na mimi mwenyewe, kwa zamu.

Nilifika mchana, manyunyu yanadondoka, watu wamejifunga mablanketi juu ya makoti. Kaka alikuwa hajarudi kutoka kazini. Wifi alinipokea vizuri, licha ya niliyomwambia mumewe, akanipeleka jikoni kuota moto kwanza. Juu ya meza kulikuwa na sahani ya mama aliyotoka kulia, viazi na maharage. Nusu ilikuwa nyeupe imefutwa kabisa. Nusu ya pili haijaguswa. Nikasema hana hamu ya kula? Wifi akasema hapana, ndivyo anavyokula sasa kwa mkono wake mzima: anamaliza upande wa kulia, upande wa kushoto anauacha, kila siku. Ukiizungusha sahani anakula tena. Alilisema kwa kuzoea, kama mtu anayekueleza mlango wake unakwama.

Nikaichukua sahani ile mikononi. Niliizungusha. Nikaizungusha tena. Sijasomea udaktari, mimi ni mtu wa kutoa kopi, lakini nilikumbuka kitanda chake kilivyokaa. Nikaenda chumbani.

Kitanda cha mama kilikuwa kimesukumwa ukutani asianguke. Ukuta ulikuwa kuliani kwake. Mlango, kiti cha wageni, meza ya dawa, na kila mtu aliyewahi kuja kumwita, pamoja na mimi siku zangu kumi, vyote vilikuwa kushotoni. Mama alilala macho wazi, uso umeelekea ukutani. Nikasimama mlangoni nikamwita. Hakuna. Ukope haukucheza. Kwake ule upande wa kushoto ulikuwa ukungu mtupu, na ndani ya ukungu kulikuwa na watu wanaoita.

Nilimwambia wifi anisaidie kuvuta kitanda. Akaogopa, akasema tumsubiri kaka yako. Nikasema siwezi kusubiri. Alinitazama, nadhani akaona nitakivuta hata peke yangu nijivunje mgongo, akashika upande wa miguuni. Tulikivuta taratibu, mama akitikisika kidogo kidogo na shuka zake, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kati ya kitanda na ukuta. Nikajipenyeza humo. Vumbi la ukuta likanipaka koti lote. Nikapiga magoti, uso wangu ukawa mbele ya uso wake, na hapo nikaogopa, maana nikimwita sasa na asiitike, sitakuwa na kisingizio kingine. Ingekuwa ni kweli kama alivyosema kaka.

Nikamwita mara moja, macho yake yakasogea yakanitazama. Mara ya pili yakashuka polepole kutoka machoni mwangu mpaka mdomoni, yakatulia hapo. Nikamwita mara ya tatu.

“Mama.”

Mdomo wake uliopinda ukahangaika. Ukafunguka.

“Abee, mama.”

Wifi nyuma ya kitanda aliketi chini sakafuni. Nami niliushika mkono wa mama nikaukandamiza shavuni, furaha imenijaa kifuani mpaka inauma, na katikati ya furaha ile ile nikaanza kuogopa upya. Mama hakuwahi kuniitikia abee. Mtu mzima hamwitikii mwanawe hivyo. Mama alikuwa akituitika ee, na siku za hasira, unasemaje? Abee lilikuwa ni neno la kupanda, kutoka kwangu kwenda kwake, na kutoka kwake kwenda kwa mama yake, ambaye yuko kaburini Kichiwa tangu mimi sijaanza shule.

Kaka alirudi jioni. Hakuniamini mpaka akajipenyeza mwenyewe kwenye ule uchochoro na tumbo lake, akamwita mara tatu. Mama akamwitika abee, baba. Kaka yangu alitoka pale akaenda kusimama uani kwenye manyunyu bila kofia. Kisha akampigia mwenye gari, nikasikia anasema hapana, Kichiwa basi, niletee gari Jumatatu twende hospitali. Hakunitaka radhi nami sikumtaka radhi. Aliniwekea nyama kubwa kwenye sahani.

Lakini sikutulia. Alikuwa ameitika, sawa. Angefundishwa kuinua mkono, angeinua. Nani angeuinua? Mama, au yule msichana wa Kichiwa anayeitikia wazazi wake waliokufa? Niliogopa kwamba nimemtoa kwenye ukungu mtu mwingine, na mama mwenyewe amebaki humo. Nilimtazama kila mara. Alikuwa ananitazama kwa heshima, na heshima ile ilinivunja moyo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mandazi, mikono imezama, mlango wa jikoni umerudishwa kwa sababu ya baridi. Ukuta mzima ulikuwa kati yangu na chumba cha mama. Nikasikia sauti nzito, imekokotwa, inaita jina langu. Lile la nyumbani, ambalo hata Hajji halijui. Sikufikiri.

“Bee, mama!”

Nikatoka mbio na unga wangu mikononi. Nilizunguka kitanda nikajipenyeza upande wa ukuta nikapiga magoti. Mama alinitazama. Alichukua muda mrefu, ulimi ukitafuta njia, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

“Umeniona?”

“Hapana, mama.”

“Sasa unaitika nini?”

Nikamsogezea shavu lile la kushoto pale mkono wake mzima ulipoweza kulifikia, nikasubiri.